Siku Mbili Bila Jembe

Nilipanda meli ile kwa nia moja tu, na sikumficha mtu: nilikwenda kumrudisha mwanangu nyumbani. Mambo ya kuogelea kwenye dimbwi lililojengwa juu ya bahari, na ya kula mara sita kwa siku, hayo niliwaachia wenyewe. Mimi Mwanamkuu nimekaanga mahamri na viazi vya karai pale Msambweni kwa miaka ishirini na tisa, na tangu nifiwe na mume wangu sijawahi kukaa kitako jua likiwa juu, ila msibani. Na hata msibani huwa napewa vitunguu nimenye.

Nusaiba ni mwanangu wa pekee. Ana miaka sita kwenye hizi meli za watalii, kazi yake kutandika vyumba vya wageni. Miezi minane yuko nje, miwili yuko nyumbani, kisha huyo, ameondoka tena. Idi nyingi nimekula pilau peke yangu, mbele yangu simu yenye picha yake: amevaa sare nyeupe, bahari nyuma yake, anacheka. Watu wakiniuliza habari zake nilikuwa nikiwajibu, "Yuko starehe huyo." Na moyoni nilikuwa na kinyongo, nisiseme uongo. Mimi nimeungua vidole kwa mafuta, yeye anaelea tu juu ya maji na kupiga picha.

Basi mwaka huu meli yake ikatia nanga Mombasa, na wafanyakazi wa siku nyingi wakaruhusiwa kumchukua mzazi mmoja hadi Shelisheli, kisha mzazi arudi kwa ndege. "Njoo uone ninapoishi, Mama," akaniambia. Nikafunga kibanda, nikamwachia jirani yangu Mbodze kuku wangu, nikaenda. Niliona ni heri nikamshike mkono mwenyewe kuliko kumbembeleza kwa simu.

Siku ya pili tulishuka Unguja, tukatembea, tukala urojo. Jioni meli ilipong'oa nanga, Nusaiba akaingia chumbani kwangu akanikuta ninafuta kioo kwa leso.

"Mama, kioo hicho nimekifuta asubuhi."

"Umeacha ukungu pembeni."

Akacheka, akaketi kitandani. "Kesho na kesho kutwa ni siku za bahari. Hatutii nanga popote, na nchi haitaonekana. Ijumaa usiku natakiwa nitie sahihi mkataba mpya."

"Usitie."

"Nilijua utasema hivyo. Basi tuwekeane sharti."

"Kamari ni haramu."

"Hamna pesa humo, Mama, ni ahadi tu. Kaa siku hizi mbili bila kufanya kazi yoyote. Usifue, usifagie, usitandike, usishone, usiingie jikoni mwa watu. Ukiweza mpaka magharibi ya Ijumaa, sitii sahihi. Nafunga virago, tunarudi wote Msambweni. Ukishindwa, natia sahihi, na wewe kila Jumatatu unafunga kibanda unakaa."

Nilimcheka usoni. Kukaa! Kitu ambacho hata paka anakiweza! Nikamwambia aanze kukunja nguo zake.

Alhamisi niliamka alfajiri. Nusaiba alikuwa amebandika kikaratasi chenye mshale ukutani kunionyesha kibla, maana meli hugeuka na mtu usijue. Nikaswali, nikasimama, mkono ukaenda wenyewe kwenye shuka. Nikaukamata kwa mkono wa pili. Nikatoka nikakiacha kitanda kimevurugika, na aibu ile nikapanda nayo ngazi hadi juu.

Huko juu kulikuwa na bahari. Mimi nimezaliwa hatua mia mbili kutoka ufukweni, kwa hivyo bahari si mgeni kwangu. Lakini bahari ya kwetu ina shughuli: maji yanajaa, yanakupwa, wanawake wanashuka mwambani kutafuta pweza, huyu anagombana na yule. Hii ya kule ilikuwa maji matupu. Niliitazama, nikaitazama tena, nikatazama saa yangu. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

Kando yangu mwanamke wa rika langu alikuwa amelala chali kwenye kiti kirefu, miguu juu, kofia usoni.

"Dada," nikamwita, "unaumwa?" Sikuwahi kumwona mtu mzima amelala chali saa tatu asubuhi asiwe mgonjwa.

"Sijawahi kuwa mzima kama leo," akajibu chini ya kofia.

"Sasa unafanya nini?"

"Hiki unachokiona."

"Na ukimaliza?"

"Nageukia upande wa pili."

Huyo ndiye Mwalimu Caroline, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa Samburu ile yetu ya Kinango, kwenye barabara kuu ya Nairobi. Wanawe walichanga wakamlipia safari. Nilipojua kwamba ni wa kule bara kwetu, ulimi wangu ukapata pa kuchezea.

"Mtu wa Samburu! Kule mnangojea mvua mpaka mbuzi wanasahau ladha ya maji. Leo umezungukwa na maji pande zote, nawe unafumba macho?"

"Nayasikia. Yanatosha." Akavua kofia, akanitazama vizuri. "Mama Nusaiba, miaka thelathini na minne nimeamka kwa kengele, nimekula kwa kengele, nimekwenda msalani kwa kengele. Jana pale Unguja si ulituona? Shukeni, pandeni, msichelewe, kama watoto wa darasa la kwanza. Siku ya bahari haina kengele. Mimi safari yangu ndiyo hii."

"Hii ni jela yenye keki, Mwalimu."

"Basi nifungieni."

Tulibishana hadi adhuhuri. Yeye anasema anapumzika, mimi nasema anaoza. Nikamwambia, "Tena leo ni siku ya tatu tangu tupande. Wazee wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wenyeji wetu hawana hata adabu ya kunipa jembe!" Alicheka mpaka kofia ikamponyoka.

Mchana ule ulikuwa mrefu, jamani. Chakulani niliona maandazi magumu ambayo ningeweza kuyarekebisha kwa kijiko kimoja tu cha tui, nikafumba macho nikapita. Bibi mmoja wa kizungu alikuwa anafuma sweta, akaangusha nyuzi mbili asione, na mimi nikakalia mikono yangu nisimnyang'anye sindano. Nusaiba alikuja mara mbili kunichungulia, mbio mbio, anauliza, "Bado?" nami namjibu, "Bado, kunja nguo!" Kisha anapotea. Sikujiuliza anapotelea wapi.

Ijumaa nilijikokota tena hadi juu, nikalala kwenye kiti kando ya Mwalimu kwa sababu hapakuwa na jambo jingine la kufanya. Upepo ulikuwa mwanana. Mashine za meli zilinguruma mbali chini, sauti moja tu, haipandi haishuki. Nilianza kuhesabu unga wa Idi, ratili ngapi, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limevuka utosi. Mtu alikuwa amenifunika leso.

"Karibu," akasema Mwalimu Caroline.

Nilishtuka kama niliyekamatwa na kitu cha wizi. Lakini nisiwafiche: mgongo wangu, huu unaoniuma tangu Nusaiba hajaanza shule, ulikuwa umenyamaza. Nilikuwa nimelala mchana, tena nimelala vizuri. Nikamwambia Mwalimu asimwambie mtu. Akaniapia kwa kidole juu.

Nikaswali, nikala, nikarudi kukaa, na safari hii sikutazama saa mara nyingi. Ikafika saa kumi na moja jioni. Magharibi ilikuwa imebakisha saa moja na kidogo. Nimeshinda! Furaha iliyonijaa haisemeki. Niliona tayari mimi na mwanangu tumekaa barazani, yeye akichambua kunde, nami nikimchagulia mchumba na yeye akikataa. Nikashuka kumtafuta nimringie.

Nilimkuta ghorofa ya tano, kwenye ujia mrefu wenye milango mingi pande zote mbili. Alikuwa ameketi chini kando ya toroli la mashuka, kiatu kimoja amekivua, anajikanda wayo kwa mkono mmoja na mkono wa pili anakula ndizi. Aliimaliza kwa tonge mbili. Kisha akavaa kiatu, akainuka, akaingia chumbani huku anavuma wimbo wangu, ule ninaouvuma mimi alfajiri nikikanda unga.

Nikasimama mlangoni. Kitanda kilikuwa kipana, na yeye alikuwa peke yake. Anavuta shuka upande huu, anazunguka, anavuta upande ule, anazunguka tena.

"Mama! Umepotea?"

"Mwenzako yuko wapi?"

"Hannah ana homa tangu jana. Nimechukua vyumba vyake pamoja na vyangu." Alisema bila kusimama. "Siku za bahari ndizo ngumu kwetu. Bandarini wageni wanashuka, sisi tunapumua. Siku ya bahari wote wamo humu, wanalala, wanaamka, wanataka taulo. Bado vyumba saba."

Hapo nilijiona mjinga. Siku mbili nimebishana na Mwalimu kama siku za bahari zinapumzisha au zinachosha, na jibu lilikuwa huku chini linakula ndizi kwa tonge mbili. Miaka sita nimewaambia watu yuko starehe. Mwanangu!

Nilitazama saa yangu. Kisha nikafunga mlango, nikajifunga leso kiunoni, nikashika ncha ya pili ya shuka.

"Mama, acha! Mgeni haruhusiwi!"

"Mgeni wa siku ya nne? Vuta."

Tukavuta. Shuka likakaa mara moja. Nikalichomeka chini ya godoro kama ninavyochomeka la kwangu, nikajiona fundi. Nusaiba akaja upande wangu, akalichomoa.

"Pembe haikai hivyo. Kunja kama bahasha, halafu ingiza."

Nikakunja.

"Tena."

Nikakunja tena. Mtoto niliyemfundisha kushika mwiko ananiambia tena! Na pembe ikakaa, kali na nzuri, nikaipigapiga kwa kiganja.

Mara mlango ukagongwa. Nusaiba akanisukuma msalani, nikasimama humo nimekumbatia mto. Sauti ya msichana ikasema, "Dada Nusaiba, nimemaliza vyote. Naomba unikagulie kabla sijafunga."

"Nakuja, Cynthia. Mito umeipiga?"

"Nimeipiga."

"Chini ya kitanda umechungulia?"

"Hapo bado, Dada."

"Nenda kachungulie, mwanangu, usikimbilie kumaliza. Nitakuja nikutazame, na leo naona utapita."

Nilisikiliza ile sauti nikiwa nimeegemea ukuta wa msalani. Haikuwa sauti ya mtu anayeelea wala ya mtu anayeteswa. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kwake. Nami nilikuja kumrudisha kwao.

Cynthia alipoondoka nikatoka na mto wangu. "Mkataba huo mpya ni wa kazi gani?"

Akainamisha macho. "Wa usimamizi. Vyumba sitini, na watu sita chini yangu."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema najigamba ili nikushawishi. Nilitaka ukae kwanza, Mama. Hata ningekuja nyumbani nisirudi huku tena, nilitaka nikuone umekaa walau mara moja." Akachukua mto wa pili. "Leo nilipanda nikakuta umelala. Nikakufunika. Nilisimama pale hadi nikachelewa kazini."

Nikauvisha mto foronya yake ili nisimtazame, maana macho yangu yalikuwa yananisaliti.

"Tia sahihi," nikamwambia. "Nimeshindwa."

"Lakini ulikuwa umebakisha saa moja tu! Mama, ulisahau?"

"Sikusahau. Nina saa mkononi."

Aliuangusha mto aliokuwa ameushika, akanikumbatia mpaka mbavu zikanisema. Tulilia, tukacheka, kisha tukaenda kutandika vyumba sita vilivyobaki, mlango umefungwa, mimi nikijificha msalani kila mguu unapopita ujiani. Pembe zangu alizikataa mbili tu.

Ahadi ni deni. Jumatatu ya kwanza baada ya kurudi sikufungua kibanda. Nilitandika mkeka barazani, nikakaa. Kufika saa mbili wateja walikuwa wamesimama ugani na vibakuli vyao.

"Mwanamkuu, unaumwa?"

"Siumwi. Niko baharini."

Wakatazamana. Mbodze akaniletea uji wa pilipili manga, akanigusa paji la uso, akaondoka akitikisa kichwa. Pembeni yangu kulikuwa na ungo wa kunde zinazotaka kuchambuliwa, zinaniita kwa jina. Nikazigeuzia mgongo.

Saa nne simu ikalia. Alikuwa Nusaiba, na nyuma yake nilisikia ule mngurumo wa mashine, haupandi haushuki.

"Shikamoo Mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Hiki unachokisikia."

Akasikiliza. Hapakuwa na mafuta yanayochemka wala sahani inayogongwa, ila majogoo wa Mbodze na upepo kwenye minazi. Kisha nikamsikia analia na kucheka kwa pamoja, nami nikamwacha amalize, maana sikuwa na haraka ya kwenda popote.