Chandarua chenye Zipu ya Nje

Sharti lilikuwa moja, na Mkaguzi alilitoa akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, ili asitokee mtu baadaye wa kusema hakusikia.

"Akiumwa na mbu hata mtu mmoja, tunafunga mizigo siku hiyohiyo. Sitaki mjadala."

Mtaa mzima ulimwita Mkaguzi kwa sababu ndiyo kazi yake. Miaka ishirini alikuwa anaingia chini ya mabasi na tochi, anagonga hapa, anavuta pale, kisha anachomoza na kusema, "Halifai." Mwenye basi alie, acheke, alete mashahidi, halifai. Hata nyumbani kwake hakukalia kiti kabla ya kukitikisa.

Lakini sharti lake lilikuwa na chanzo. Likizo yao ya mwisho ilikuwa miaka sita nyuma, kitinda mimba wao akiwa bado ananyonya. Mbu walimuuma, wakarudi naye nyumbani, na baada ya siku kadhaa mtoto alikuwa hospitali na sindano ya dripu mkononi. Malaria. Mkaguzi alilala kwenye benchi siku tatu. Tangu hapo mtu akimtajia likizo, yeye huona dripu.

Mke wake hakuwa ameisahau hospitali. Ila alikuwa amechoka. Yeye ni fundi wa kushona makava ya viti vya magari, teksi hadi mabasi, na baada ya miaka kumi na minane ya kukanyaga cherehani goti lake la kulia lilikuwa linalia kama bawaba isiyopakwa mafuta. Hakutaka mengi. Alitaka jioni tano tu za kukaa kwenye baraza inayotazama ziwa, mikono mapajani, bila uzi, bila mkasi, bila mtu wa kumuuliza, "Fundi, kava langu tayari?"

Basi wakaondoka siku ya Jumatatu: Mkaguzi, Fundi, binti yao mkubwa wa miaka kumi na mitano, yule kitinda mimba ambaye sasa ana miaka saba na jina lake la utani ni Pilipili, na Bibi, mama mzazi wa Mkaguzi, ambaye katika miaka yake sabini na minne hakuwahi kwenda likizo hata siku moja na alikuwa amefunga begi lake wiki mbili kabla.

Mwenye nyumba ya kupanga aliwapokea vizuri.

"Mbu wapo?" Mkaguzi aliuliza kabla ya salamu kuisha.

"Wapo, lakini wapole."

"Wapole vipi?"

"Hawapigi kelele."

Saa kumi na moja jioni ile, Mkaguzi alifunga madirisha yote, akaziba tundu la kitasa kwa karatasi, akasokomeza taulo chini ya mlango na kuwasha dawa ya kuchoma pembe nne za chumba. Kila mtu alivaa mikono mirefu, soksi, na mafuta ya kufukuza mbu yenye harufu ambayo ingefukuza hata mgeni wa kulala. Joto likapanda. Nje, ziwa lilikuwa linameta bure. Ndani, familia nzima ilikaa kitandani inakohoa kwa zamu.

"Likizo nzuri," Bibi alisema, akipangusa jasho. "Kama mnataka kuniivisha, mngeniacha jikoni kwangu."

Asubuhi, saa moja kamili, ukaguzi. Watu walipangwa mstari mmoja kando ya mlango, mikono mbele. Mkaguzi, kofia kichwani, alivaa miwani, akawasha tochi mchana kweupe, akapita. Shingo. Viwiko. Nyuma ya masikio. "Geuka. Inama. Pita." Mama yake hakumkagua. Kuna magari ambayo hata mkaguzi huyapisha.

Ukaguzi wa Jumanne, Fundi aliupita kwa ujanja. Alfajiri ile aliamka akiwa na uvimbe kwenye kisigino, mwekundu kama kitufe, unaowasha hadi meno. Mara moja aliona begi likifungwa, gari likiwashwa, na kava la basi la viti sitini likimsubiri mezani. Akavuta soksi.

"Mbona soksi asubuhi?" Mkaguzi aliuliza.

"Sakafu baridi."

"Pita."

Alijua anadanganya, tena mbele ya watoto. Dhamiri ilimsuta hadi saa nne, kisha akaenda kutazama maji.

Jumanne jioni wakaokwa tena. Fundi akaona huu sasa ni upuuzi. Chini ya nguo kwenye begi lake alikuwa na dawa yake mwenyewe, aliyoishona dukani wiki ya mwisho kabla ya safari, wateja wakidhani anashona ya kwao: chandarua kikubwa kama chumba, cha kuenea baraza yote. Alikuwa ameshonea turubai chini liwe sakafu, akapita kila mshono mara mbili kwa uzi wa nailoni, ule wa viti vya lori, ambao hata ukiuuma kwa meno utayaacha meno hapo. Mlangoni aliweka zipu ndefu kutoka juu hadi chini. Jumatano mchana, Mkaguzi akiwa amesinzia, alikitundika kwa kamba kwenye nguzo za baraza, akapanga viti vitano ndani yake.

Mkaguzi alipoamka alikitazama kwa muda.

"Nikague kwanza," alisema.

Alikikagua nusu saa. Alimulika kila pindo, akavuta kila kona, akapuliza moshi wa dawa ya mbu aone unapenya wapi. Mwishowe akatoka amekunja miwani, na Fundi akashusha pumzi.

"Hiki," alisema, "kinafaa."

Katika miaka yote ya ndoa yao Fundi hakuwahi kulisikia neno hilo kuhusu kitu chochote, pamoja na mapishi yake.

Saa kumi na moja na nusu waliingia wote wanne. Bibi alikataa. "Mimi siingii kwenye mfuko kama vitunguu. Mbu hawanitaki, damu yangu imeshachacha." Akakitoa kiti chake nje ya chandarua, chupa ya chai upande mmoja, khanga mabegani, akatulia.

"Basi tufungie, Mama," Fundi alisema.

Bibi akashika zipu, akaishusha yote hadi chini. *Zzzzip.*

Fundi alikaa. Akaweka mikono mapajani. Ziwa lilikuwa mbele yake, na upepo ulikuwa unapita kwenye neti kama ulivyoagizwa. Aliipata raha yake kamili kwa muda wa kama dakika moja na nusu.

*Nnnnnnn.*

"Kuna mbu humu," alisema binti mkubwa.

"Hakuna. Nimekagua."

"Baba, yuko kwenye sikio langu!"

"Ameingia na nani?" Mkaguzi akasimama. "Nani ameingia naye? Tokeni, tokeni wote tukikung'ute. Mke wangu, fungua."

Fundi alipeleka mkono kwenye zipu. Akapapasa juu. Akapapasa chini. Vidole vyake vilikuta meno ya zipu, laini, yamefungana vizuri, na hakuna kishikio. Kishikio kilikuwa upande wa pili, kinaning'inia nje kama ulimi wa kumdhihaki. Miaka kumi na minane vidole vile vilikuwa vinaweka kishikio nje bila kumuuliza, kwa sababu ndivyo kava linavyoshonwa. Kiti hakina haja ya kujifungulia.

"Fungua basi," Mkaguzi alisema.

"Haifunguki kwa ndani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeshona kava."

Pilipili akauliza, kwa sauti ya mtoto anayetaka kujifunza, "Baba, mlango wa dharura uko wapi?"

Hilo lilimchoma. Mlango wa dharura ndicho kitu cha kwanza anachokiangalia Mkaguzi kwenye kila basi, na kwa kukosekana kwake ameshawarudisha watu wenye vyeo.

"Mkasi?" akauliza.

"Mezani. Nje."

Wakati huo mbu alikuwa anafanya mzunguko wa pili. Binti mkubwa akampiga Pilipili shavuni. "Alikuwa hapo!" Pilipili akampiga dada yake begani kulipiza. Mkaguzi akarusha taulo. Kiti kikaanguka, turubai likateleza, na kofia ya Mkaguzi, ile kofia ambayo hakuivua tangu Jumanne hata mezani, ikamtoka na kubingirika hadi miguuni kwa mke wake.

Kwenye upara wake palikuwa na vivimbe vinne, vimejipanga duara kama nati za gurudumu.

"Hee!" Pilipili akapiga yowe. "Baba ameumwa!"

"Hizo ni... joto," Mkaguzi alisema.

"Joto linauma kwa mpangilio?" Fundi akauliza.

Na hapo, kwa vile walikuwa wamebanana na hakuna pa kujificha, Fundi aliyaona mengine yote. Binti mkubwa alikuwa anajikuna chini ya kitambaa cha kichwa alichokivaa tangu asubuhi akisema ni mtindo. Pilipili, ambaye magoti yake yalikuwa na plasta tatu za "nilianguka", alikuwa anazisugua zote kwa pamoja. Na yeye mwenyewe Fundi, bila kujitambua, alikuwa anakwaruza kisigino kwenye mguu wa kiti kama ng'ombe kwenye mti.

"Vua soksi," Mkaguzi alisema.

"Wewe kwanza eleza kichwa."

Bibi alicheka huko nje mpaka chai ikamwagika. "Familia nzima! Mnafichana vipele kama wezi! Kikulacho ki nguoni mwako, wewe unaziba kitasa!"

"Tangu lini?" Fundi alimuuliza mumewe.

"Jumanne." Mkaguzi aliokota kofia, akaigeuzageuza. "Naamka alfajiri. Naenda pale kwenye ubao wa kuogea uliotokeza ziwani, natia miguu kwenye maji. Nakaa tu. Sikagui kitu." Alisema maneno hayo ya mwisho kwa aibu, kama mtu anayekiri amekula nyama ya jirani. "Ningesema, tungeondoka."

Fundi alitaka kumcheka akashindwa. Alimjua mtu huyu. Hajawahi kukaa tu.

"Lakini sharti ni sharti," Mkaguzi aliendelea, na sauti yake ikabadilika. "Tumeumwa wote. Mnakumbuka hospitali? Mimi nakumbuka. Kesho asubuhi tunaondoka."

Pilipili akaanza kulia. Dada yake akaangalia ziwa kama mtu anayeaga.

"Sikiliza," Fundi alisema. "Tukiondoka, hivi vipele vitabaki huku? Tutasafiri navyo. Safari ile mtoto hakulazwa kwa sababu tulienda likizo. Alilazwa kwa sababu alipata homa tukakaa siku tatu nyumbani tunasema ni meno. Mimi nilisema, na wewe ulisema. Kuna zahanati pale njia panda, nimeiona tukija. Mtu akichemka, usiku au mchana, tunampeleka kupimwa saa hiyohiyo. Na tukirudi ni vilevile. Lakini siwezi kukaa kwenye oveni siku mbili zaidi, na nyumbani siendi."

"Umesema vizuri," Mkaguzi alisema. "Tunaondoka kesho. Mama, tufungulie."

Bibi hakusogea. Alijaza kikombe, akakoroga sukari polepole, akapuliza.

"Mama, zipu."

"Nimeisikia. Nimengoja likizo miaka sabini na minne. Nimekaa siku mbili ndani ya moshi kama nyama ya kukausha. Leo ndiyo nimeona maji, wewe unaniambia kesho." Akanywa. "Sifungui mpaka useme tunabaki."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Basi jifungulie."

Mkaguzi aligeuka kwa mkewe kutafuta msaada. Fundi alikuwa ameweka tena mikono mapajani, anatazama ziwa.

Mbu alitua. Alichagua upara, katikati ya zile nati nne, mahali ambapo kwenye gurudumu hukaa kifuniko. Watoto walimwona. Fundi alimwona. Hakuna aliyeinua mkono.

"Mama!"

"Bado anakaa vizuri," Bibi alisema. "Usimsumbue."

"Tunabaki!"

"Sikusikia, masikio yangu ya kizee."

"Tunabaki mpaka Jumamosi!"

"Na mwakani?"

"Mama, ananinyonya!"

"Na mwakani?" Bibi alirudia, ameshashika kishikio kwa vidole viwili.

"Na mwakani!"

*Zzzzip.* Walimwagika nje kama maharage kutoka guniani, na mbu akatoka wa mwisho, mzito, akiruka chinichini.

Alhamisi, kwenye ukaguzi wa asubuhi, Pilipili ndiye aliyeshika tochi na kipimajoto. Alimpima kila mmoja, akamkagua baba yake kichwa kizima, akasema, "Halifai, lakini lipite."

Mchana Mkaguzi alimletea mkewe kisanduku cha sindano, akakiweka mbele yake kwa heshima.

"Hiyo zipu," alisema. "Kuigeuza itakuchukua muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Sasa?"

"Niko likizo," Fundi alisema, na hakukunjua hata kidole.

Kwa hiyo jioni waliingia tena wote wanne, safari hii chandarua kikiwa kimekung'utwa mara tatu, na Bibi akawafungia. Walikaa mpaka jua likazama bila kuumwa hata mmoja. Walipotaka kutoka, Bibi alisogeza kiti karibu na zipu, akakunja khanga yake vizuri mapajani.

"Kabla sijafungua," alisema, "tuzungumze habari ya nani anaosha vyombo."