Mlango wa Saba, Mchana Kweupe

Mwanga wa asubuhi huingia soko la Hafsia, mjini Tunis, pamoja na vumbi. Robota la mitumba likikatwa kamba, vumbi la nguo za watu wa mbali hupaa, jua hulipokea, na kwa kitambo kidogo kila mtu pale huwa amesimama ndani ya dhahabu inayowasha pua. Kisha watu hupiga chafya, huvamia nguo, na dhahabu huisha. Khaula alikipenda kitambo hicho kuliko nguo zenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na tangu Januari alikuwa anaogopa.

Aliogopa, na bado alikwenda sokoni. Tusimfanye shujaa. Alikwenda kwa sababu nyumbani hofu ilikuwa na nafasi ya kukaa, na sokoni haikuwa nayo.

Sikio lake la kushoto lilikufa kwa matubwitubwi alipokuwa na miaka minne, na hakulililia, maana hakulikumbuka. Upande huo wa dunia ulikuwa kimya, basi. Ulimfaa hata katika kupatana bei. Siku hiyo Lamjadi, muuza makoti, alisimama kushoto kwake.

"Kumi na mbili!" Lamjadi akasema. Khaula akaendelea kupapasa pindo la koti la sufi, rangi ya zabibu kavu.

"Haya, kumi. Nane! Binti, una roho gani wewe? Umetumwa na watu wa kodi?"

Khaula akageuka. "Umesemaje?"

"Nimesema dinari sita, na Mungu anaona ninavyoporwa."

"Nne."

"Nne? Kwa nne nakupa vifungo!"

"Basi nipe vifungo, na uvifunge ndani ya hilo koti."

Wanawake waliokuwa wameinama kwenye lundo wakacheka, na Lamjadi naye akacheka, akakunja koti huku akimlaani kwa mapenzi. Khaula alilibeba koti kifuani. Alikuwa amesikia kicheko cha kila mmoja wao, kimoja kimoja: cha kukoroma, cha kukohoa, cha kuficha mdomo kwa mtandio. Akavihesabu njiani ili asivipoteze.

Maana sikio la kulia nalo lilikuwa linaondoka. Lilianza kutoa maji, likaja likatoa harufu, na Daktari Jalila alipochungulia ndani hakusema neno mpaka alipozima taa yake. Kitu kimeota nyuma ya ngoma ya sikio, alisema. Kinatafuna vifupa. Kukiacha ni kukipa njia ya kwenda kwenye ubongo. Kukitoa ni kukwangua karibu sana na mshipa wa kusikia, na hili ndilo sikio pekee ulilo nalo. Alisema atajitahidi. Khaula alitamani angesema neno lingine lolote.

Akapewa tarehe ya baada ya Sikukuu. Akaanza kukusanya.

Alikusanya mlio wa kijiko ndani ya bilauri ya chai. Alikusanya mlango wa chuma wa mwoka mikate ukipandishwa alfajiri. Alikusanya baba yake, Munsif, fundi cherehani, akipiga mluzi bila sauti, pumzi tupu, wimbo usiojulikana. Aliogopa, akakusanya. Aliogopa zaidi, akakusanya zaidi, na kila alichokiweka akiba kilimuuma palepale alipokiweka.

Jumamosi alikwenda kwenye mazoezi ya maluf, nyimbo za kale za Andalusi ambazo watu wa Tunis huimba wakiwa wamevaa vizuri, hata wale wasiovaa vizuri siku nyingine. Alisimama mwisho kabisa wa mstari, kushoto, ili kwaya yote iwe upande wa sikio lililo hai. Ala zikaanza: udi ukatangulia. Kanuni ya nyuzi nyingi ikafuata kwa matone. Fidla ikaingia taratibu, ikamkuta ameshaanza kulia, na mwalimu akadhani ni uzuri wa muziki.

Ulikuwa ni uzuri wa muziki, kwa kweli. Lakini mtu anaweza kuupenda wimbo na kuuogopa kwa wakati mmoja, kama mama anavyomtazama mtoto aliyepanda juu ya ukuta. Khaula aliimba sehemu yake. Hakujua kama aliimba kwa sauti sahihi, maana ndani ya kichwa chake sauti yake mwenyewe ilikuwa imeanza kunguruma.

Zikabaki hadithi. Hadithi zilikuwa za Bibi Halluma, mama yake Munsif, mwanamke mfupi mwenye vidole vya hina na ulimi usiostaafu. Baada ya chakula cha usiku aliketi kando ya jiko la makaa, akavuta sketi juu ya magoti, na majini yakaja, na mabinti wa wafalme, na punda wasema kweli. Baada ya chakula cha usiku tu. Mchana hata umpe dunia, hakusimulia. Anayesimulia mchana wanawe hupata upara, alisema, na hakuwa peke yake kusema hivyo. Mji mzima ulijua. Watu waliosoma vyuo vikuu, waliocheka mambo yote ya bibi zao, walishusha sauti mtoto alipoomba hadithi adhuhuri.

Khaula alikuwa amejipangia. Usiku wa mwisho kabla ya hospitali angemwomba Bibi hadithi hadi makaa yawe majivu, angelala nazo sikioni, na kesho iwe itakavyokuwa.

Jumatano, saa mbili asubuhi, simu ikalia. Munsif akaisikiliza amesimama, mkasi mkononi.

"Kitanda kimepatikana mapema," akasema. "Wanataka ufike kabla ya adhuhuri. Kesho alfajiri wanakuingiza kupasuliwa."

Hapakuwa na usiku tena. Usiku uliobaki ulikuwa wa wodi, na usiku wodini hawaruhusu wageni. Khaula akaenda jikoni, akamkuta Bibi anachambua maharage, akakaa sakafuni mbele yake.

"Bibi, nisimulie."

"Jua linatutazama."

"Nisimulie hivyo hivyo. Nisimulie moja ambayo sijawahi kuisikia."

"Unataka wanangu wawe na upara?"

"Baba ana upara tangu sijazaliwa!"

Munsif, mlangoni, akajipapasa kichwa. "Mama, kwangu hakuna tena cha kuharibu."

Siku nyingine Bibi angecheka hadi akohoe. Siku hiyo hakucheka. Aliliweka bakuli chini. Akamtazama mjukuu wake. Hofu ilikuwa kwenye uso wa mmoja na kwenye uso wa mwingine, na kila mmoja alidhani ni hofu ileile.

"Leta blanketi," akasema.

Wakalitundika dirishani, lile zito la baridi. Nondo walikuwa wamelitoboa, na mchana ukapenya kwa nukta nukta ukaja kuwakaa mapajani. Bibi akawasha mshumaa ili angalau wafanane na watu wa usiku. Akahamia upande wa kulia wa Khaula, karibu, mpaka pumzi yake ikawa joto shavuni.

"Palikuwapo kile kilichokuwapo, kipenzi, ini langu. Palikuwapo mwanamke aliyeamka akakuta nyumba yake haina sauti."

Akasimulia. Mwanamke alikuwa na binti, na binti alikuwa na vikuku miguuni, na asubuhi moja zimwi lilivichukua vikuku na miguu na binti mzima, likashuka naye kisimani. Mama akashuka. Chini ya kisima pana mlango, nyuma ya mlango pana mlango. Mlango wa kwanza ulitaka nywele zake, akazikata. Wa pili ulitaka jina lake, akalitoa. Wa tatu, wa nne, kila mmoja na ulafi wake. Sauti ya Bibi ilipanda na kushuka, ikanong'ona, ikafoka kizimwi, na Khaula akaisikiliza kwa ngozi yote. Wa tano. Wa sita. Mwanamke hakuwa na kitu tena isipokuwa ngumi yake, na nyuma ya mlango wa saba akasikia vikuku. Akagonga.

Bibi akanyamaza.

"Nani akafungua?" akauliza Khaula.

Bibi akapuliza mshumaa. "Mwisho nitakupa ukitoka," akasema. "Njoo uuchukue kwa sikio lako." Akang'oa blanketi, na mchana ukawapiga wote wawili machoni.

Ujanja wa kizee, Khaula alifikiri ndani ya gari, na akashukuru. Alikuwa amepewa kitu cha kurudia.

Hakukumbuka kulala wala kukatwa. Alikumbuka kuamka. Kichwa kilikuwa kimefungwa, sikio limejazwa shashi hadi ndani, na dunia haikuwapo. Midomo ya Munsif ilikwenda. Gari la chakula lilipita na magurudumu yake, na kwa sikio halikupita. Aliita, akahisi koo linatikisika, na sauti yake haikumfikia.

Siku kumi, Munsif alimwandikia nyuma ya risiti za nyuzi. Siku kumi shashi ikae, ndipo itajulikana.

Siku kumi aliogopa bila kupumzika. Aliogopa akila, maana alisikia mifupa ya taya lake tu. Aliogopa akiwa macho, na akilala aliota anagonga. Vile vicheko vya Hafsia alivyoviweka akiba alivitoa kimoja kimoja, na siku ya sita akagundua kile cha kuficha mdomo kwa mtandio hakumbuki tena kilivyokuwa. Alilia kwa ajili ya kicheko cha mwanamke asiyemjua jina. Bibi alikuja kila siku, akakaa kando ya kitanda, akamshika kidole gumba.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Daktari Jalila alivuta uzi wa kwanza wa shashi. Munsif alitazama sakafu. Bibi alitazama ukuta. Shashi ilitoka ndefu, ikaendelea kutoka, na ilipokwisha Daktari akasema kitu.

Kimya.

Akasema tena. Khaula akaona meno yake, ulimi wake, wema wake wote, na hakuna kilichovuka. Basi ndivyo, akajiambia. Akakunja vidole ndani ya viatu.

Kisha mahali fulani, mbali, nyembamba, kitu kikakwaruza. Akageuza kichwa. Kikakwaruza tena. Munsif alikuwa amesimama, na kiti kilikuwa kinaburutwa na mguu wake.

"Baba," Khaula akasema, "usikivunje kiti cha watu."

Munsif akakaa kwa kishindo akaficha uso kwa viganja vyake viwili.

Daktari alisema polepole, upande wa kulia. Usikivu umebaki nusu, pengine zaidi ya nusu kidogo. Kitu kile huwa na tabia ya kuota tena. Utarudi baada ya miezi sita, na baada ya hapo miezi sita mingine, na hatutaahidiana chochote. Khaula alilisikia kila neno. Hata hofu, akagundua, ilikuwa na sauti, na alifurahi kuisikia.

Khaula na Bibi walimwacha Munsif ashughulikie karatasi, wakaketi wawili kwenye benchi la ukumbini, chini ya dirisha kubwa lisilo na pazia. Jua lilikuwa limejaa hadi kwenye miguu ya benchi.

"Haya," Khaula akasema. "Nimetoka. Nani alifungua mlango?"

Bibi akaanza kukunja pindo la mtandio wake, akalikunjua, akalikunja.

"Sijui," akasema.

"Bibi, usinitanie."

"Sijui, ini langu. Mwisho nilikuwa naujua, nilipewa na mama yangu. Umenitoka." Akavuta pumzi. "Baba yako alikuwa na dada. Saluha. Alikuwa na miaka tisa, na homa ilimshika wiki nzima. Adhuhuri moja akaniomba hadithi, nikamwambia ngoja usiku. Akaniambia, mama, sioni kama nitaufikia. Nikamsimulia. Mchana kweupe, dirisha wazi. Nikafika mlango wa saba, akauliza nani akafungua, nikageuka nimpe maji. Niliporudisha uso hakuwapo wa kumjibu." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini sikio liliichukua yote. "Miaka arobaini na moja. Kila nikifika pale ulimi unakufa. Wewe nilikusimulia ile kwa sababu uliomba ambayo hujaisikia, na sina nyingine. Na kutwa nzima walipokukata nilijua nimekuua."

Muuguzi akapita na ndoo. Maji yakatikisika ndani yake, na Khaula akayasikia. Alimtazama huyu mwanamke aliyemlea kwa majini na mabinti wa wafalme, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini usiku tu. Akateleza kwenye benchi, akahamia karibu kabisa, akaelekeza mdomo kwenye mtandio wa Bibi.

"Alipogonga," akasema, "vikuku vikanyamaza."

"Khaula, jua linatutazama."

"Naliona. Wanangu wasiozaliwa watavaa kofia." Sauti yake mwenyewe ilimngurumia kichwani, akaipunguza. "Vikuku vikanyamaza, halafu vikaja mbio hadi mlangoni. Mlango wa saba haukutaka kitu. Ukafunguliwa kwa ndani. Aliyefungua alikuwa msichana wa miaka tisa. Mama yake akamwekea kiganja kwenye paji la uso, na paji lilikuwa limepoa. Msichana akasema: mama, uligeuka tu kunichukulia maji, yako wapi?"

Bibi Halluma hakulia. Alikaa na jua usoni, macho amefumba, midomo ikienda kidogo kama ya mtu anayejifunza sura mpya ya Kurani.

"Rudia," akasema mwishowe. "Rudia hapo pa paji."