Kamba ya Nguo ya Mama

Mtaa wao ulibomolewa kupisha barabara kuu, mama akafariki mwaka huohuo, na baba, dereva wa lori aliyekatwa mguu wa kushoto, akanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Ndipo mwanawe, mchomelea mageti, akaujenga mtaa upya ndani ya mchezo wa mashindano ya magari kwenye kompyuta: duka la kona, karakana, lile shimo la barabarani lisilozibwa hata siku moja, na mwisho kabisa geti la bluu la nyumbani. Usukani akauchomelea stendi ya mabomba chakavu. Kila jioni mzee aliendesha taratibu, akakwepa shimo, akapiga honi getini, akazima. Akishazima, anaongea.

Kisha kampuni ya mchezo huo ikatangaza kwamba katika toleo jipya barabara za kujitengenezea zitafungiwa.

“Wamechelewa,” alisema shemeji wa mchomeleaji, mgonjwa wa mashindano hayo. “Watu wanaingiza gari lenye injini ya ndege, unapitwa kama umeegesha. Mchezo waachiwe wenyewe waliouunda.”

“Waliouunda wanaujua mtaa wetu?”

“Na wewe hapo mtaani unashindana na nani?”

“Sishindani. Namrudisha mzee nyumbani.”

“Haya, bingwa wa kuegesha.”

Mchomeleaji akachomoa waya wa intaneti. Bila mtandao, hilo toleo jipya lingeingilia wapi? Alijiona mjanja kuliko kampuni nzima.

Jioni moja baba akapiga honi, akatazama geti kwa muda mrefu.

“Kazi safi, mwanangu. Ila kamba ya nguo ya mama yako hujaiweka. Nikirudi safari, nikiona shuka jeupe, najua yupo.”

Angeweza kuchora kamba tupu ikatosha. Lakini yeye hakuzoea kazi ya kulipua. Alitaka shuka lipepee. Programu ya kupeperusha kitambaa ilikuwa mtandaoni, basi akachomeka waya, mara moja tu. Shuka likatoka zuri, linajaa upepo na kulegea. Alipofungua mchezo aliweke, toleo jipya lilikuwa limeshaingia. Mtaa ulikuwamo kwenye kompyuta, mzima, ila mchezo ulikataa kuufungua: maudhui haya hayaruhusiwi.

Akaufuta mchezo, akauweka upya, akaiandikia kampuni. Akajibiwa na mashine ikimshukuru. Shemeji alitafuta toleo la zamani kutwa nzima bila utani hata mmoja. Halikupatikana.

Jioni mzee akaketi, akashika usukani.

“Karakana mbona siioni?”

“Hii barabara nyingine, baba.”

“Wapi pa kuchepukia?”

“Hakuna. Inazunguka tu.”

Mzee akalimaliza duara lote, magari yakimpita kushoto na kulia, kisha akaondoa mikono.

“Shuka ulilitundika?”

“Nilikuwa nalitundika, baba.”

Mzee akaitikia kwa kichwa. Shemeji akainuka, akazima kompyuta. Wakamsubiri aongee, kama kawaida yake. Chakula kikaja, kikapoa mbele yake, na sahani ilipoondolewa hakuuliza inakwenda wapi.