Mwendo wa Mama

Wino alipolitoa kopo la filamu kwenye begi na kuliweka mezani, baba yake alilivuta tena upande wake, akalikumbatia kama mtu aliyeambiwa amkabidhi mwanawe kwa mgeni.

"Baba, fundi anasubiri."

"Namwona. Sijawa kipofu."

Walikuwa kwenye studio ya katuni, ghorofani, juu ya duka la matairi, ambako Wino alikuwa mchoraji. Jina lake la kweli alilijua mhasibu peke yake. Wengine walimwita Wino kwa sababu vidole vyake havikupata kutakata. Kazi yake ilikuwa kumchora Kishindo, binti shujaa wa televisheni ambaye akipiga mguu chini ukuta unapasuka na majambazi wanakaa kitako bila kupenda. Sasa walikuwa wanatengeneza kipindi kipya: adui wa Kishindo, aitwaye Mfutaji, anamtupa kwenye enzi ya sinema za zamani, zile za rangi nyeusi na nyeupe, na humo anawafuta waigizaji kutoka kwenye mikanda, mmoja baada ya mwingine, wasikumbukwe tena na mtu.

Wazo hilo lilikuwa la Wino. Alimwambia mwongozaji kwamba baba yake alikuwa mpiga kamera enzi hizo, na kwamba anayo filamu moja ya kweli ambayo wachoraji wangeitazama wajue watu walivyotembea na vumbi lilivyoruka. Yote hayo yalikuwa kweli. Alimsimulia hata mwanamke anayevuka barabara humo na ndoo ya maji, naye akaandikwa kwenye kipindi. Ambalo hakulisema ni kwamba mwanamke huyo alikuwa mama yake.

Mama alifariki Wino akiwa bado ananyonya. Nyumbani ilibaki picha yake moja ya kitambulisho, uso umekazwa, macho yameganda. Wino akimuuliza baba, jibu lilikuwa lile lile: "Alikuwa mwanamke mzuri." Basi. Ukichimba zaidi, mzee anakumbuka ghafla kwamba bomba linavuja. Na siku chache nyuma daktari alikuwa amemvuta Wino pembeni, akamwambia moyo wa mzee umechoka, asichoshwe. Tangu hapo usingizi ulimpaa. Aliona wazi kwamba baba akiondoka, ataondoka na mama pia.

Fundi wa filamu, mwanamke mwenye miwani minene na glavu nyeupe, alilipokea kopo. Kifuniko kilikuwa kimeshikwa na kutu. Akakibembeleza kwa ncha ya bisibisi. Kilipofunguka, harufu kali kama ya siki ilijaa chumba kizima. Fundi aliinama, akajaribu kunyanyua ncha ya mkanda. Ikamkatikia mkononi kama ganda la kitunguu. Mkanda wote ulikuwa umegandana, bonge moja jeusi.

"Mzee wangu, hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Hakuna aliyewahi kuigusa."

"Chumba kina dari?"

"Bati tupu."

Fundi alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Joto limeila. Si leo wala jana. Ilianza zamani."

"Jaribu hata kipande," Wino alisema.

"Nikiilazimisha itakuwa unga, dada."

"Si imeshakufa? Jaribu."

Fundi akajaribu, na ikawa unga. Kiliokoka kipande kimoja chenye upana wa ukucha, na Wino akakishika dirishani mpaka mkono ukamuuma. Kulikuwa na ukingo wa ukuta, na karibu yake weusi ambao ungeweza kuwa pindo la gauni au kivuli cha mti.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha mchoraji mwingine, viganja vikitazama juu. "Nilikuwa namtunza," alisema. "Nimemtunza mpaka nimemmaliza."

Wino alitaka kumwambia si kosa lake. Hakumwambia, kwa sababu saa ile aliona ni kosa lake kweli.

Mwongozaji, waliyemwita Chapuchapu, hakuwa mtu mbaya, ila watu wa televisheni walikuwa wamemkaba. "Poleni sana," alisema. "Yule mwanamke anayevuka barabara tumtoe. Tutarefusha mapigano. Watoto hawatajua."

"Usimtoe. Nitamchora."

"Utamchoraje, Wino? Humjui."

Lilikuwa neno la kawaida, lakini lilimchoma. Alikaa kwenye meza yake akachora. Akazichezesha picha kwenye kompyuta: mwanamke akavuka barabara kifua mbele, ngumi zimekunjwa, Kishindo mtupu. Akafuta. Wa pili alitembea kama sanamu ya dukani. Akafuta. Wa tatu hakumaliza hata kumchora. Machozi yalikuwa yanadondokea kazi.

"Siye," baba alisema nyuma yake.

"Najua siye! Niambie basi alivyokuwa."

"Alikuwa mwanamke..."

"Mzuri. Nimelisikia hilo maisha yangu yote, baba."

Hata wachoraji waliovaa spika za masikioni waligeuka. Mzee akampa fundi mkongojo wake, akachukua shuka la kufunikia mashine, akajifunga kiunoni.

"Sogezeni viti," alisema. "Barabara ni hii. Mimi na kamera tuko pale dirishani. Yeye anatokea mlangoni."

Akabeba ndoo ya taka, akatembea. Mzee mwenye magoti mabovu alitembea kama msichana: hatua fupi, kisigino kikigusa sakafu kama kinachobisha hodi, shingo imelala upande kana kwamba kuna ugomvi nyumba ya jirani na hataki kupitwa. Katikati ya chumba alisimama, akabadilisha mkono, akapuliza kiganja, akaendelea. Mzee kavaa shuka, kabeba takataka, na hakuna aliyecheka.

Mkono wa Wino ulikuwa unakimbia. "Tena," alisema.

Akarudi mlangoni, akatembea tena.

"Tena, baba."

Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kupauka. Wino aliiona. Alimkumbuka daktari, alikumbuka kila neno lake, na bado hakuwa amepata ile shingo inavyogeuka.

"Dada, inatosha," fundi alisema.

"Mara moja tu. Tena, baba."

Mzee akatembea. Alipofika katikati ndoo ilimponyoka, akapiga goti, halafu akalala ubavu kati ya meza mbili. Wino aliiacha kalamu akiwa amechelewa, na alijua amechelewa.

Kipindi kilirushwa baba akiwa bado wodini. Televisheni ilikuwa juu ukutani, sauti imezimwa, na mgonjwa wa kitanda cha pili alilalamika kwamba wenzake wanatazama mpira, yeye analetewa katuni. Mwanamke alitokea mlangoni, akavuka, akabadilisha mkono, akapuliza kiganja. Mfutaji akamjia na kitambaa chake. Kishindo akapiga mguu. Ikaisha kabla mtu hajapenga kamasi.

Wino alimgeukia baba yake.

"Si yeye," mzee alisema.

Wino aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Nilikuona unaumia. Nilikuona kabisa."

"Nilijua unaona." Alivuta pumzi, ikaja kwa vipande. "Si yeye, kwa sababu yeye ile ndoo ilikuwa inamwagika. Imemlowesha mguu mzima, mwongozaji wetu wa siku zile anafoka, yeye anacheka tu. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya. Nikasahau kuzungusha mkono wa kamera. Nusu ya ile picha haikupigwa, nikatukanwa siku nzima."

"Hukuwahi kuniambia."

"Kulikuwa na filamu. Nilidhani filamu itasema."

Akaendelea. Alisimulia walivyogombana kwa sababu ya kofia yake ambayo mama aliichukia mpaka akaificha, alivyokuwa haimbi ila anapofua, alivyomtukana mwenye nyumba kwa adabu mpaka mwenye nyumba akamshukuru. Mara mbili aliishiwa pumzi akanyamaza, amefumba macho, na kifua kikihangaika chini ya blanketi. Mara zote mbili Wino alisogeza kiti karibu zaidi, akasubiri, wala hakumwambia apumzike.