Magari Matatu ya Tuaibo

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kitini, anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine yuko chini kwenye gurudumu, analegeza nati, mafuta yanatoka na mapovu yake, anakaza, anapiga kelele: "Achia!" Halafu wanaanza tena. Tuaibo alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi wala hakuwahi kuiona ngumu, mpaka Jumamosi ile alipolala chini ya gari uani kwake, spana mkononi, akaita "Kanyaga!" kwa mazoea, na asiwepo wa kukanyaga.

Alijaribu ujanja. Alikata kipande cha mti, akakibana kati ya kiti na pedali, akakimbilia nyuma na kujilaza. Kabla hajaigusa nati, mti ukachomoka. Akarudi, akaubana kwa nguvu zaidi. Ukachomoka tena. Safari ile hakuinuka. Alibaki pale pale, mchanga umemwingia kisogoni, akautazama uvungu wa gari, na ndipo aliposikia jinsi nyumba ilivyokuwa kimya. Hapakuwa na mlio wa sufuria wala sauti ya mtu kuvuta ndoo.

Nyumba hiyo ilikuwa upande wa juu wa mji wa Mocímboa da Praia, na ua wake ulikuwa mpana. Mchana Tuaibo aliangalia mashine za kusukuma maji ya mji. Jioni na mwisho wa juma alikuwa mtu wa magari, tena magari ya zamani tu, na kwa kupenda kwake mwenyewe. Alikuwa nayo matatu. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 404 ya mizigo, iliyoachwa na mfanyabiashara Mreno aliyefunga duka wakati wa uhuru asirudi. Ya pili ilikuwa Land Rover ya shamba la mkonge, aliyoikuta majani yameota mpaka kwenye usukani. Ya tatu ilikuwa Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo watu wa pale waliiita carocha. Alipewa na familia ya marehemu mwalimu mmoja walipochoka kufugia kuku ndani yake.

Ujuzi alikuwa nao. Alichokosa ni kumaliza. Kabureta ya Peugeot ikimshinda, alisema ngoja nipumzishe kichwa, na kupumzisha kichwa kwake kulikuwa ni kulifungua gia boksi la Land Rover. Bushi za Land Rover zikikosekana, alihamia kwenye carocha na kuipiga msasa milango. Ukutani alipanga mikebe ya maziwa ya unga iliyojaa nati na skrubu, na hakuna aliyejua mkebe upi ni wa gari lipi isipokuwa yeye. Miaka ilipita, na hakuna hata moja lililowahi kutoka nje ya lango.

Mkewe, Chamima, aliyaita wake wenza. "Leo zamu ya nani?" alimuuliza asubuhi akimmiminia chai. Alikuwa akicheka, na Tuaibo akicheka naye. Hakuweza kukumbuka ni lini kicheko kile kiliisha.

Kisha ikaja habari ya gesi. Redio ilisema imepatikana chini ya bahari, mbele ya Palma, nyingi kuliko walivyotegemea. Muda si muda mji wa Palma, ambao watu wa Mocímboa walizoea kuuona kama kijiji tu, ukawa ndio wimbo wa kila mtu. Inácio, rafiki yake Tuaibo kutoka nyanda za juu za Mueda, ambaye kila Jumamosi alikuja kushika taa, kusukuma na kubishana, alipata kazi ya udereva kwenye kampuni moja. Aliaga kwa haraka, begi mgongoni, akasema atakuwa anakuja. Hakuja.

Baada yake akaondoka Chamima. Binamu yake Sumaia alikuwa amefungua mahali pa kuuza chakula kwa wafanyakazi huko Palma, kazi imemzidi, akamwita aje washirikiane. Mtoto wao, Fauzi, alikuwa akisoma Nampula. Nyumbani hapakuwa na wa kulelewa. "Miezi michache tu, Baba Fauzi," alisema. Tuaibo alimkubalia kutoka chini ya Land Rover. Alitoa mkono nje na kumpungia.

Mwanzoni Chamima alirudi kila Ijumaa. Baadaye ikawa mwisho wa mwezi. Baadaye zikawa zinakuja salamu kwa mdomo wa madereva. Na wiki ile, Ramadhani ikielekea ukingoni, dereva mmoja alishusha mfuko langoni: ndani mlikuwa na kanzu mpya, imepigwa pasi, na ujumbe wa kusema tu. "Mama Fauzi amesema Idi hii hataweza kuja. Wageni ni wengi mno."

Tuaibo aliitundika kanzu kwenye msumari chumbani. Kesho yake asubuhi alianza kufanya jambo ambalo siku zote alilikataa: kulinyang'anya gari moja ili kuliponya jingine. Alitoa betri ya Land Rover. Alifungua koili ya kuwashia ya Peugeot, akachukua mpira wake wa petroli na taa moja ya mbele iliyolingana. Vyote akavipeleka kwenye carocha, kwa sababu ndiyo Chamima aliyowahi kuisifia rangi. Injini ya carocha ikakubali kuwaka. Taa zikawaka. Zikabaki breki, na zile breki ndizo zilizomlaza chini Jumamosi ile na kipande cha mti kisichokaa.

Aliinuka, akajikung'uta mchanga, akaenda kubisha hodi kwa jirani.

Jirani huyo, Bi Hafsa, alikuwa mjane aliyeuza mikate ya mchele, na kwa miaka mingi alikuwa akinung'unikia kelele za nyundo. Alitoka na unga mikononi.

"Bi Hafsa, shikamoo. Nimekuja kuomba mguu wako."

"Marahaba. Mguu wangu? Una nini wewe, Tuaibo? Funga imekupanda kichwani?"

Alipoelezwa, alitazama juu kama anayeomba subira, akanawa, akajitanda upya khanga, akamfuata. Aliingia kwenye carocha kwa tahadhari, akaupapasa usukani kwa kidole kimoja.

"Kanyaga," Tuaibo aliita kutoka chini. "Shikilia. Usiachie... Achia."

"Mguu wenyewe una baridi yabisi."

"Pole, mama. Kanyaga tena."

Walikwenda hivyo gurudumu kwa gurudumu. Bi Hafsa alizoea upesi, na alipozoea akaanza kuzungumza. Wanawe wote wawili walikuwa Palma sasa, mmoja mlinzi, mwingine kibarua wa kubeba saruji. Mikate inabaki, hakuna wa kula. Halafu, kama mtu anayesema jambo la mvua, akasema: "Mkeo alikuwa akija kwangu kila jioni."

"Najua. Mlikuwa mkipika."

"Hatukuwa tukipika kitu. Alikuwa akija kuongea. Nikimuuliza, mbona huongei na mumeo? Anasema, mume wangu namuona miguu tu, imetokeza chini ya gari."

Tuaibo alikuwa ameshika nati. Mafuta ya breki yalimtiririkia kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko, naye hakuikaza.

"Niachie?" Bi Hafsa aliuliza.

"Bado," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Achia."

Siku ya pili ya Idi, baada ya sala ya alfajiri, alivaa kanzu mpya, akatandika taulo juu ya kiti ili isichafuke, akaitoa carocha langoni. Bi Hafsa alisimama kizingitini akimuombea dua, na Tuaibo alipita mbele ya maduka ambayo watu wake walizoea kumuuliza, "Magari lini, Tuaibo?" Lakini wengi wa watu hao walikuwa wamehama, na milango ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Hakuna aliyemuona.

Barabara ya Palma ilikuwa ya mchanga, na malori ya kampuni yalikuwa yameichimba. Kila lilipompita moja, vumbi lilimfunika akawa haoni hata pua ya gari lake. Alikwenda taratibu, dirisha wazi, akisikiliza. Alizungumza na injini kidogo, kisha akaona haya, akanyamaza. Karibu na Olumbi mpira wa petroli ulipasuka, ule ule wa Peugeot. Ulikuwa umekauka kwa uzee. Alikata sehemu mbovu, akaunganisha uliobaki, na wakulima waliokuwa wakipita na majembe wakamsukuma kwenye mchanga mzito mpaka injini ikashika. Mmoja wao aliuliza anakwenda kutafuta kazi ya gesi?

"Naenda kwa mke wangu," Tuaibo alisema.

"Naye yuko kwenye gesi?"

Tuaibo akapunga mkono.

Kuingia Palma alipishana na gari jipya jeupe. Dereva wake, ndani ya sare na kofia ngumu, alikuwa Inácio. Inácio aliona carocha, akatoa macho, akapiga honi ndefu, akatoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Tuaibo! Umemaliza!" Lakini nyuma yake palikuwa na msafara, hakuweza kusimama. Tuaibo alimtazama kwenye kioo mpaka vumbi likammeza.

Mahali pa Sumaia na Chamima palikuwa na paa la bati na mabenchi marefu yaliyojaa watu. Chamima alitoka jikoni na upawa mkononi, amepungua mwili, usoni amechangamka. Alimuona mumewe amesimama na kanzu iliyokuwa nyeupe asubuhi. Halafu akaliona gari. Aliuweka upawa juu ya meza ya mteja, akalizunguka gari lote, akigusa taa, akigusa mlango.

"Imekwisha kweli, Baba Fauzi?"

"Imekwisha. Nimekuja kukuchukua."

Chamima alimtazama. Kisha akavua aproni, akamwita Sumaia amshikie kazi, na badala ya kwenda upande wa abiria akafungua mlango wa dereva.

"Twende kidogo," alisema.

"Unakwenda wapi huko? Hujui kuendesha."

"Najua. Joaquina kanifundisha, dada mmoja anayeendesha gari la maji. Carta ya udereva nitaifanyia mtihani mwezi ujao."

Tuaibo aliingia upande wa pili. Hakuwahi kukaa kwenye kiti hicho. Chamima aliikwangua gia mara moja, akaguna, akaipata. Walipita msikitini, wakapita viwanja vipya vilivyozungushiwa nguzo za saruji, wakashuka mpaka penye mikoko, na hapo akasimamisha gari bila kuzima injini. Tuaibo alikuwa na magari matatu uani miaka yote hiyo, na hata siku moja hakuwahi kumwambia mkewe, njoo ukae hapa, nikufundishe.

"Mimi sirudi, Tuaibo," Chamima alisema. Alimwita kwa jina, kama walipokuwa vijana. "Usinielewe vibaya. Sikuachi, wala sina mtu. Hapa nachoka mpaka miguu inavimba. Lakini kutwa nzima nasemeshwa. Kule nilikuwa nasikia nyundo."

"Nikihamia mimi huku?"

"Utaacha maji ya mji?" Alingoja. "Utaacha yale yaliyobaki?"

"Peugeot inataka nyaya tu," Tuaibo alianza, "na Land Rover..." Chamima alimwekea mkono gotini, hakumlaumu.

"Basi njoo unapoweza," alisema. "Mlango upo wazi."

Tuaibo alilala Palma siku zilizobaki za Idi. Alimsaidia kukata vitunguu, na wateja wakamwita shemeji. Siku ya kuondoka aliacha ufunguo wa carocha juu ya mtungi wa Chamima, akamwonyesha pa kuangalia mafuta, akapanda lori la saruji lililokuwa likirudi tupu. Chamima alimsindikiza mpaka barabarani kwa gari, akiendesha yeye, na safari hii hakuikwangua gia.

Nyumbani alikuta Peugeot boneti wazi na nyaya zinaning'inia, Land Rover haina betri. Alikaa kati ya hayo mawili siku nyingi bila kugusa spana. Bi Hafsa alimletea mkate jioni, naye akajifunza kukaa kizingitini na kumsikiliza habari za wanawe, hata zile alizokwisha kuzisikia.

Mwezi wa kumi simu, aliyoinunua baada ya Idi ile, ililia adhuhuri akiwa kwenye mashine za maji.

"Inagonga," Chamima alisema. "Nyuma, ikipata moto. Tak-tak-tak."

"Niwekee simu karibu."

Alisikia upepo, sauti za watu, kisha injini yake mwenyewe, mbali sana.

"Ni valvu. Si kitu kikubwa. Nitakuja Jumamosi nizirekebishe."

"Jumamosi sipo. Naenda Quionga kununua samaki."

"Kwa gari?"

"Kwa kitu gani tena? Nimefaulu, hukuambiwa?"

Hakuwa ameambiwa. Alimpongeza, akamwambia aende polepole, asiikanyage sana wakati wa joto, apumzike njiani. Chamima aliitikia kila neno, halafu mtu akamwita, akakata.

Tuaibo alirudisha simu mfukoni. Mashine za maji zilikuwa zikinguruma, na zamu yake ilikuwa bado ndefu. Alitafuta mtu wa kumwambia kwamba mkewe amepata carta. Hapakuwa na mtu, kwa hiyo akaisema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, akaenda kuangalia kipimo cha maji.