Vua Viatu, Mwenyekiti

Sheria ya kuvua viatu mlangoni pa ofisi aliiweka Mzee Gibson mwenyewe. Shule yetu, huku juu ya Boito, iliponunua kompyuta yake ya kwanza na ya pekee kwa harambee, yeye kama mwenyekiti wa bodi alitangaza kwamba matope ya shambani yangeiua. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu aliingia na soksi, mchungaji aliingia na soksi, na mimi Phelis, karani, nikapiga chapa huku vidole vya miguu vimekufa ganzi.

Mwenyekiti hakuwahi kuingia. Alisimama nje ya dirisha na mwavuli wake, akinisomea kitabu cha maisha yake ili nikiandike. Nilidhani anaiheshimu mashine. Sura ya kwanza yote ilihusu jinsi alivyokwenda shule Kiptere miguu mitupu, akikanyaga umande na mawe, bila kuona haya mbele ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa kibarua bado, miaka nenda miaka rudi, na ahadi yake ilikuwa moja: kitabu kikiisha, naajiriwa. Ilibaki sura ya mwisho tu.

Mwaka wa tisini na saba bodi ikataka kompyuta iwekewe Windows mpya. Naftaly, fundi kutoka mjini Kericho, alieleza vizuri. Kwanza vilivyomo vinanakiliwa kwenye disketi, kisha mashine inafutwa yote, ndipo Windows mpya inaingia. Ni kazi ya watu wawili na birika la chai. Lakini kwetu hata choo kikichimbwa lazima awepo mgeni rasmi. Ikakodishwa tenti, ikaitwa kwaya, na mgeni rasmi wa kubonyeza herufi ya kufuta akawa, nani tena, Mzee Gibson.

Siku hiyo Naftaly alikuwa amemaliza kunakili mitihani. Kitabu kilikuwa kirefu, alikiacha mwisho. Kabla hajakigusa, kwaya ikamsindikiza mgeni rasmi hadi mlangoni. Mwalimu mkuu akavua viatu, akamwonyesha mahali pa kuweka vyake. Mzee akavitazama viatu vyake vilivyong'aa, kisha akatutazama sisi.

"Hii kitu iletwe hapa nje," akasema. "Watu yangu wataona nini nikiwa huko ndani?"

Watu wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Kompyuta ikachomolewa, ikabebwa kwa blanketi hadi kwenye tenti, na waya mrefu ukavutwa kutoka ofisini. Hotuba zikasomwa mpaka mawingu ya saa nane yakatanda juu ya majani chai. Naftaly akaomba nusu saa amalizie kunakili.

"Nusu saa ya nini, na mvua ndiyo hii?" Mzee akamwuliza.

Nilimsogelea nikamnong'oneza. "Mzee, kitabu chako bado kiko ndani. Tukifuta sasa kimeenda."

Akanijibu kwa maikrofoni. "Phelis, keti chini. Kompyuta haisahaungi. Ndiyo maana tulinunua."

Nilitamani kumpiga na kiti. Naftaly, ambaye alikuwa hajalipwa, akaandika amri. Mzee akabonyeza, kwaya ikapaza sauti, halafu mvua ya mawe ikaja ikatutawanya sote. Windows mpya iliingia jioni, safi kabisa. Kitabu hakikubaki hata mstari, na kazi yangu ilikwenda nacho.

Jumatatu alikuja dirishani na mwavuli wake. Nilikuwa nimelia Jumapili nzima, sasa nilikuwa na hasira tu.

"Tuanze tena sura ya kwanza," akasema. "Na ile mambo ya kazi yako, tutaangalia kitabu ikiisha."

Nikafunga dirisha. Nikazunguka, nikafungua mlango.

"Karibu ndani, Mzee. Lakini viatu."

Upepo ulikuwa umepindua mwavuli, na mvua ilimnyeshea mgongoni. Akatazama nyuma, akaona hakuna mtu, akainama kufungua kamba. Soksi haikuwa na kisigino, na mbele kidole gumba kilichomoza chote, kama mtu aliyechungulia kutoka dirishani.

Nikaketi mbele ya mashine, nikaweka vidole tayari.

"Sura ya kwanza, miguu mitupu," nikasema. "Tuanze na ile ya Kiptere, ama na hii?"

Niliajiriwa wiki hiyo hiyo.