Ua Lililowaka Pasipo Mguu

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nane Oktoba, siku ya ufunguzi wa maonyesho ya kampuni moja ya vipodozi pale Seongsu, Seoul. Mimi nilikuwa mlinzi wa mlangoni. Mke wangu, Ok-bun, alikuwa msafishaji humo humo.

Kilichowaleta watu ni sakafu. Jukwaa la vioo, limeinuliwa usawa wa mapaja, taa tupu ndani yake. Ukikanyaga, ua linachanua chini ya mguu wako. Mkiruka pamoja, bustani nzima inawaka.

Asubuhi wakubwa walifanya tambiko la kuombea kazi heri, kama desturi yetu. Kichwa cha nguruwe mezani, wakasujudu, kisha Pyo, kiongozi wa timu iliyotengeneza ile sakafu, akamwaga pombe ya mchele kwenye pembe nne. Pembe nne za kitu cha umeme! Na huyo ndiye aliyesoma mpaka chuo kikuu.

Haikuchukua muda, pembe moja ikaanza kuwaka ovyo. Wakaizungushia kamba.

"Mama, wewe mwembamba," Pyo akamwambia Ok-bun. "Ingia chini ufute. Mara moja tu."

"Mwembamba nilikuwa kabla sijazaa, bosi." Akanigeukia akicheka. "Baba Da-gyeong, nikikwama nivute miguu."

Akatambaa na kitambaa chake kupitia kilango kidogo cha ubavuni mwa jukwaa. Simu hakuwa nayo. Zetu wote walizifungia, eti tusipige picha bidhaa mpya kabla ya wakati.

Nikatumwa mlangoni. Mkubwa wa kampuni akawahi kufika, na kwa kuwa wakubwa hawasubirishwi, wakaamuru nifungue. Watu wakamiminika. Foleni ilipopungua, nikamuuliza Mi-ran, mpokea wageni, kama amemwona mke wangu.

"Si alishatoka, mzee? Kile kilango cha chini kimefungwa. Masanduku ya zawadi yamepangwa mbele yake."

Nikauacha mlango wao.

Ndani muziki ulikuwa unatikisa kifua. Watu wanaruka, maua yanawaka. Na kule pembeni, ndani ya kamba, ambako hapakuwa na mtu, ua likachanua. Likazimika. Likachanua tena, na tena, haraka haraka.

"Jamani, tazameni, linacheza lenyewe!" msichana mmoja akasema, wenzake wakapiga makofi.

Mimi nilijua ule ni mkono unaogonga kutoka chini.

Nikamshika Pyo bega. "Zima muziki! Mke wangu yuko chini!"

"Punguza sauti, mzee. Mkubwa anarekodiwa. Mkeo atakuwa chooni."

"Na lile ua?"

"Unyevu tu." Akasema kwenye redio yake, "Pembe ya mashariki inasumbua."

Spika zikahesabu: moja, mbili, tatu! Wote wakaruka kwa pamoja. Sakafu ikashuka kiganja kizima. Wakashangilia, wakidhani ndio mchezo wenyewe. Ua likawaka mara moja, hafifu, kisha pembe yote ikawa giza, kama mtu kaifunika blanketi.

Nikayatupa masanduku. "Mlinzi kalewa," nilisikia mtu akisema. Nikavunja kilango, nikapapasa gizani mpaka nikagusa viatu vyake. Nikamvuta miguu, kama alivyosema. Kitambaa kilikuwa bado mkononi, kimesokotwa. Pumzi hakuwa nayo.

Tangu siku ile wakubwa wamenieleza habari za boriti iliyokatika, habari za vyuma. Wamekiri pia kwamba pembe ile haikuzimika yenyewe: aliyekaa kwenye kompyuta aliizima aliposikia inasumbua. Kila ninapokwenda ofisini kwao wananikalisha, wananiletea kahawa, wanainamisha vichwa. Wakati mwingine Pyo mwenyewe anatoka, anainama kuliko wote.

Mimi sitaki kuinamiwa. Nawauliza neno moja tu: Baada ya ninyi kuizima ile pembe, Ok-bun aliendelea kugonga kwa muda gani?